Kama Kilivuja

Barafu ilipoondoka ziwani, Hilkka hakungoja hata matope ya njiani yakauke. Alimpigia simu binti yake Outi kule kiwandani akamwambia aje nyumbani na vifaa vyake. Hakusema vifaa gani, na hakukuwa na haja ya kusema. Outi alikuwa amemaliza nusu ya umri wake katika kiwanda cha boti, akitandika vitambaa vya faiba na kuvipaka resini, na harufu ya kazi hiyo ilikuwa imemganda hata akienda harusini. Simu hiyo alikuwa akiingoja tangu Oktoba, na alikuwa akiiogopa.

Pikipiki ya majini ya Jouni, mdogo wake Outi, ilikuwa imekaa bandani majira yote ya baridi, juu ya trela, chini ya turubai. Hilkka hakuiita pikipiki, aliiita chombo. Asubuhi moja ya Oktoba Jouni alitoka na chombo hicho kwenda kufunga nyumba za kiangazi za watu wa mjini, kumwaga maji ya mabomba yao kabla ya baridi kuyapasua. Ndiyo kazi aliyokuwa akiifanya tangu aachane na mkewe na kurudi kuishi kwa wazazi. Usiku ule hakurudi, na hakuna aliyeonyesha kushtuka, maana mara nyingi alilala huko huko kazini. Kesho yake wakaanza kumtafuta. Chombo kilikutwa kwenye matete ya jirani yao Reijo, kiti kinachofunika injini kimefunguliwa, maji yamejaa ndani mpaka yameifunika injini. Jouni mwenyewe alipatikana baadaye, ng'ambo ya ziwa. Polisi waliandika kwamba sababu haijulikani, wakakirudisha chombo, wakaenda zao.

"Kama kilivuja," Hilkka alimwambia Outi hata kabla hajavua koti, "basi injini ilizama ikazimika. Akafungua kiti kuangalia. Akashindwa kuiwasha, akajaribu kuogelea. Kama kilivuja, alikuwa anarudi nyumbani."

Nusu ya pili ya maneno hayo, ile ya kama hakikuvuja, hakuna aliyeisema. Baba mtu, Kauko, alikuwa amesimama kando ya jiko, mikono mifukoni. Aliificha mikono yake siku hizi, kwa sababu ugonjwa ulikuwa umeitia mtetemeko, naye aliyepata kuendesha malori ya magogo kwenye utelezi wa Januari hakupenda kuonekana akimwaga kahawa. Alikuwa amekonda. Hilkka alimwambia Outi kwenye simu kwamba mzee halali, anatoka kitandani anakwenda kuzunguka banda kama mlinzi. Na Outi naye, kule mjini, alikuwa na desturi mpya ya kumpigia mama yake simu alfajiri kabla ya zamu, kuuliza habari ambazo hazikuwepo.

Sasa, watu wa Savo, jimbo hili la akina Kauko, wana sifa moja ambayo Wafini wengine huwacheka nayo. Hawasemi uongo, ila ukweli wao lazima uubebe mwenyewe. Muulize mtu wa Savo kama duka liko wazi, atakujibu kwamba linaweza kuwa wazi, na linaweza lisiwe. Ukienda ukalikuta limefungwa, kosa ni lako, wewe ndiye uliyesikia vibaya. Nimeishi nao vya kutosha kujua kwamba hiyo si hila, ni adabu yao. Hawapendi kumtwika mtu jambo ambalo hajaomba kubebeshwa.

"Baba, wewe unaonaje?" Outi aliuliza. "Kinavuja?"

"Chombo cha zamani hicho," Kauko alisema. "Kinaweza kuvuja."

"Na kinaweza kisivuje."

"Sasa si umejijibu mwenyewe."

Wakacheka kidogo, kisha wakaona haya kwa kucheka.

Outi alianza kazi baada ya kahawa. Alipitia kwanza mahali pote ambapo vyombo vya namna hiyo huvuja: vizibo viwili vya nyuma, mpira unaouzunguka mhimili wa propela, matundu ambamo mabomba hupita, na ule mshono mrefu ambapo tumbo la chini hugundishwa na sehemu ya juu. Alichukua mashine ya kufyonza vumbi ya mama yake, akaugeuza mpira upande unaopuliza, akauchomeka ndani ya chombo na kuziba pembeni kwa matambara. Kisha akapaka maji ya sabuni nje, sentimita kwa sentimita, akangoja mapovu. Palipo na ufa, hewa hutoka na sabuni huumuka. Alipiga magoti kwenye sakafu ya banda mpaka miguu ikafa ganzi. Sabuni ilitelemka polepole, ikakauka, ikaacha michirizi. Mapovu hayakutoka.

"Hewa ni nyepesi," Kauko alisema. "Inaweza isitafute njia."

"Tutajaza maji," Outi alisema.

Njia hiyo ndiyo wanayoiamini mafundi. Ukitaka kujua kama chombo kinaingiza maji, kijaze ndani uone kama kinatoa. Waliburuta mpira kutoka bombani, maji ya Mei, baridi ya kung'ata meno. Hilkka akaja akasimama mlangoni, mikono amejikumbatia.

"Utayaonaje? Bodi nyeupe, maji hayana rangi."

"Kiwandani tunatia rangi kidogo. Hapa sina."

Hilkka akaondoka. Aliporudi alikuwa amebeba mitungi miwili ya bitiruti za siki alizozitia ghalani msimu wa mavuno, akayachuja yale maji yake mekundu ndani ya tumbo la chombo, akaenda kuleta mingine. Bitiruti zenyewe alizimimina kwenye beseni. Alizileta zote, hakubakiza hata mtungi wa sikukuu.

"Krismasi tutakula samaki mkavu," Kauko alisema.

"Wewe huli bitiruti."

"Huenda nakula, hamjaniona tu."

Outi alitandika magazeti sakafuni chini ya trela, ukurasa kwa ukurasa, ili tone likianguka lionekane papo hapo. Wakakaa. Hilkka aliketi kwenye ndoo iliyogeuzwa. Kauko aliegemea mlango. Nje jua lilikuwa kali na ndege wamerudi wote, wanapiga kelele kama wenye nyumba. Ndani ya banda watu watatu wazima walikuwa wanatazama gazeti la mwezi uliopita wakiliombea lilowe. Usipoziba ufa utajenga ukuta, husema wahenga. Outi alikuwa anautafuta ufa kama mtu anavyotafuta mtoto aliyepotea sokoni, na ufa haukuwepo.

Saa za mchana zilipita. Hilkka alipiga magoti, akapapasa magazeti kwa viganja, akayasogeza, akayapapasa tena.

"Hapa ni kama pana unyevu."

Outi akapagusa. "Ni baridi ya sakafu, mama."

"Basi tungoje."

Wakangoja. Jioni ilipoingia Outi alifungua vizibo viwili vya nyuma na yale maji mekundu yakatoka kwa nguvu, yakatiririka mpaka nje kwenye nyasi. Aliwasha taa akainama kutazama ndani. Tumbo lote la chombo lilikuwa limelowa rangi ya waridi, kama mdomo wa mtoto aliyeshinda kwenye zambarau. Faiba ya ndani huwa haina rangi ya kuilinda, inanywa chochote. Aliipitisha taa pembe hadi pembe, akitafuta mstari mwembamba ambao rangi imeingia ndani zaidi. Faiba ilikuwa nzima. Ilikuwa nzima kwa namna ya kuudhi, kazi nzuri ya fundi fulani asiyejulikana, ambaye Outi siku nyingine angemsifu. Alitamani kukipiga nyundo.

"Je?" Hilkka aliuliza jikoni.

"Sijamaliza bado."

"Hujamaliza, au hakuna?"

"Pana mahali panaweza kuwa pabovu," Outi alisema, "na panaweza pasiwe."

"Sasa umekuwa baba yako," Hilkka alisema, akaanza kuosha mitungi.

Asubuhi ya pili Kauko aliingia kwenye boti ya makasia kwenda kutoa nyavu. Siku hizi alipiga makasia taratibu, na kila alipokwenda walijua hatarudi upesi. Hilkka alisema kichwa kinamgonga, atabaki ndani. Outi akaufuata ukingo wa ziwa kwa miguu mpaka kwa Reijo, maana swali moja lilikuwa limemkaba usiku kucha: kama chombo hakivuji, yale maji yaliingiaje?

Reijo alikuwa mjane, mtu wa utani, ambaye alikausha samaki kwa moshi kwenye pipa la chuma nyuma ya nyumba yake na kuwauzia wapita njia. Alimwona Outi kwa mbali akainua kifuniko cha pipa.

"Mtoto wa Kauko! Umefuata samaki au umefuata mchumba? Samaki wapo."

"Nimefuata neno, Reijo."

"Neno silikaushi." Lakini alikifunika kile kifuniko, na utani ukamtoka usoni. "Kaa basi."

Wakakaa kwenye gogo. Outi hakuzunguka. "Ulipokikuta chombo cha Jouni, kilikuwa na maji ndani?"

"Polisi waliniuliza hilo hilo. Nikawaambia, hicho hapo, kina maji."

"Polisi walikuja kesho yake. Mimi nakuuliza ulipokikuta."

Reijo aliokota kijiti akakivunja vipande vidogo vidogo, akavipanga juu ya goti. "Hawakuniuliza nilikikuta lini," alisema.

"Mimi nimekuuliza."

"Nilikikuta jioni ile ile." Alikuwa anaongea na vile vijiti. "Kilikuwa kimekuja na upepo kwenye matete. Nikadhani Jouni yuko huko juu kwenye nyumba ya yule daktari wa meno wa mjini, amekifunga vibaya kikamponyoka. Nikavaa buti nikaingia, nikafungua kiti nione kama injini ina tatizo. Ndani palikuwa pakavu, Outi. Pakavu kama stoo. Nikasema nitakwenda kuchukua kamba nikifunge, kisha nikaona kipindi cha mpira kinaanza, nikasema atakuja mwenyewe kukichukua. Kiti nikakiacha wazi. Usiku ule ikapiga mvua ile unayoijua, na mawimbi. Asubuhi kimejaa."

Moshi ulitoka pembeni mwa kifuniko ukawapita.

"Na ile kamba ya kuzimia injini," Reijo aliendelea, kwa sababu mtu akishaanza kutapika hutapika yote, "ile mnayofunga mkononi, ukianguka injini inazimika. Ilikuwa imetundikwa kwenye usukani. Imezungushwa mara mbili, vizuri, kama baba yenu alivyowafundisha mfanye mkishuka."

"Umemwambia baba?"

"Hajaniuliza."

"Mama?"

"Mama yako aliniuliza kama kilikuwa na maji. Nikamwambia nilikiona kimejaa. Na kweli nilikiona." Alimgeukia kwa mara ya kwanza, macho yamemwiva. Inawezekana ni moshi. "Ningewapigia simu jioni ile ile. Najua. Usiniambie, nalijua kuliko unavyolijua wewe."

Outi angeweza kumwambia kwamba jioni ile tayari ilikuwa imechelewa, kwamba kamba iliyotundikwa vizuri ilitundikwa asubuhi. Alimshika Reijo bega, akanyanyuka, akaondoka bila samaki. Reijo akamfuata mbio na samaki wawili kwenye gazeti, akamsukumia mikononi, na hakudai kitu.

Njia nzima Outi alipanga maneno ya kumwambia mama yake, na kila aliyoyapanga yaliishia kwenye ile nusu ya pili. Alipofika, Kauko alikuwa ameshafunga boti na anachambua samaki ukingoni. Hilkka alikuwa amesimama mlangoni mwa banda amevaa sweta la mikono mirefu.

"Pima tena," alisema.

"Mama, nilipima kila..."

"Trela ilikuwa imeinamia kulia. Nimeitazama. Maji yalikaa upande mmoja. Weka gogo chini ya gurudumu, upime upande wa kushoto."

Outi alikuwa amechoka hadi kwenye mifupa. Kubishana kungemlazimu kueleza, kwa hiyo akaweka gogo. Kauko alikuja akashika mpira. Bitiruti zilikuwa zimekwisha, walijaza maji matupu. Outi hakujisumbua hata kutandika magazeti. Alikaa kwenye ndoo, uso mikononi, akiwaza kwamba maji yakifika nusu atazima bomba na kusema basi, yatosha, twendeni ndani niwaambie.

Ndipo akasikia tone. Kisha jingine. Kisha uzi mwembamba wa maji ukapiga sakafu.

"Hayo," Hilkka alisema.

Outi aliingia chini ya trela kwa magoti na viwiko. Upande wa kushoto, karibu na uti wa chombo, palikuwa na tundu la unene wa msumari, na maji yakitoka kwa raha kama mkojo wa mtoto. Aliliwekea kidole. Jana alikuwa amepitisha sabuni hapo hapo kwa mkono wake. Alibaki amelala chali na kidole kwenye tundu, na kitu kimoja tu kilimjia akilini, kwamba sakafu chini yake ilikuwa imefagiliwa. Banda lile halikuwa limefagiliwa tangu Kauko alijenge.

"Umeona?" sauti ya mama yake iliuliza.

"Naona."

Walimwaga maji. Outi akaingiza kichwa na taa ndani ya tumbo la chombo. Faiba yote ilikuwa ya waridi. Lile tundu kingo zake zilikuwa nyeupe, nyuzi zake zimesimama zikielekea ndani, nyeupe pee, hazijawahi kuonja bitiruti. Drili ilitoka nje ikaingia ndani, na ilifanya hivyo baada ya jana. Hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza kiwandani angelisoma tundu lile.

Akainua kichwa. Kauko alikuwa anatazama viatu vyake.

Ni mzee huyu, Outi aliwaza. Kabla hajaenda kwenye nyavu, au aliporudi. Amelitoboa kwa ajili ya mama. Na moyo ukamuuma kwa namna ambayo haukuwa umemuuma majira yote ya baridi, kwa sababu baba aliyefikia kutoboa chombo cha mwanawe ni baba anayejua kila kitu.

"Ndio hapa," alisema. "Maji yameingilia hapa."

"Yangeweza kuingia," Kauko alisema polepole.

"Outi ameyaona yakitoka," Hilkka alisema. "Mimi pia nimeyaona." Akageuka akaingia ndani, na muda si muda walimsikia kwenye simu, dirisha likiwa wazi, akimwambia dada yake Mirja, kisha mchungaji, kwamba Outi amepima kwa maji, na amelikuta tundu, na maji yametoka. Kila neno lilikuwa kweli.

Tundu lilikuwa la uongo, lakini Outi aliliziba kama la kweli. Hakujua njia nyingine ya kuziba. Alikwangua rangi ya nje kwa msasa, akapanua kingo zikawa mteremko mpana kama kisahani, akafuta vumbi kwa spiriti. Alikata vitambaa vya faiba, kidogo, kikubwa kidogo, kikubwa zaidi. Kauko alimchanganyia resini kwenye kikopo cha mtindi, na kikopo kiligongagonga ukingo wa meza muda wote.

"Nipe, baba."

"Naweza."

Alimwachia. Resini kidogo ilimwagika, wote wawili wakajifanya hawakuona. Outi alitandika tabaka la kwanza akalisugua kwa brashi mpaka kitambaa kikapotea, kisha la pili. Kazi ile ilimtuliza mikono, zaidi ya mikono haikumtuliza kitu. Hakuna mtu angekipanda tena chombo hicho. Alikuwa anaziba ili maji yasiingie kwenye kitu ambacho hakitaona maji.

"Umefanya vizuri," Kauko alisema ghafla, kwa sauti ya chini, huku akitazama dirisha la jikoni. "Mimi nisingethubutu. Mama yako sasa atalala."

Outi alisimamisha brashi. "Nimefanya nini?"

"Hilo." Alinyoosha kidevu kuelekea tundu.

"Baba. Si wewe?"

Kauko alinyoosha mikono yote miwili akamwonyesha, hivi ilivyokuwa, ikitetemeka kama majani. Mikono ile haikuweza kushika kijiko kikatulia. Drili ingerukaruka ikachora mistari bodi nzima, na tundu lile lilikuwa moja, la duara, safi.

Walitazamana. Resini ilikuwa imeanza kupata moto kikoponi, itaganda. Outi akamalizia tabaka la tatu upesi upesi, kwa sababu resini haimngoji mtu ashangae.

Hilkka alikuwa ameandaa meza. Aliwakaanga wale samaki wa Kauko, muikku wadogo waliotapakaa siagi, na viazi, na mkate mweusi wenye uchachu. Samaki wa Reijo aliwaweka kwenye sahani yao peke yao. Alikaa mahali pake, akamimina maziwa, akawaambia wale. Alikuwa bado amevaa lile sweta la mikono mirefu, na jikoni palikuwa na joto la jiko. Alijikuna mkono wa kushoto juu ya sweta. Alikata kiazi, akaweka kisu, akajikuna tena, mkono huu, mkono ule, kisha shingoni.

Kiwandani kila mgeni hujikuna hivyo. Vumbi la faiba ni vioo vidogo visivyoonekana. Hupenya nguo, hukaa kwenye ngozi ya ndani ya mkono, na kadiri unavyokuna ndivyo vinavyozama. Outi aliutazama mkono wa mama yake ukienda na kurudi, akaweka uma chini.

"Usijikune, mama," alisema. "Ukikuna vinaingia."

Mkono wa Hilkka ukasimama.

Outi alinyanyuka, akamshika kiwiko, akamwongoza mpaka kwenye sinki, na Hilkka hakubisha. Alimkunja mikono ya sweta mmoja baada ya mwingine. Ngozi ilikuwa nyekundu kuanzia viganjani mpaka juu ya viwiko, imetapakaa vipele. Hilkka alinyoosha mkono kufungua maji ya moto.

"Baridi," Outi alisema. "Ya moto yanafungua ngozi." Akafungua baridi, akaanza kumwosha, akitelemsha kiganja upande mmoja tu, kutoka kiwiko kwenda vidole, bila kusugua.

"Kumbe inawasha hivi," Hilkka alisema.

"Siku mbili tatu. Inaisha."

"Miaka yote hiyo umekaa na hiki kitu mwilini, hujawahi kulalamika."

"Unazoea."

Mezani Kauko alikuwa ameshika uma bila kula. Hilkka alitazama maji yanavyotelemka kwenye mikono yake.

"Nilidhani kitavuja chenyewe," alisema. "Chombo cha zamani kile. Nani angejua kitakuwa kizima."

"Mama, wewe ulijua lini?"

"Asubuhi ile ile. Alinikumbatia mlangoni. Mtoto yule hakuwa amenikumbatia tangu aanze shule." Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetaja bei ya unga. "Nikamwambia, vipi wewe, utachelewa. Ndicho nilichomwambia."

Outi aliendelea kuosha. Hakuona vizuri tena anachoosha.

"Mimi sikuhitaji tundu," Hilkka alisema. "Ninyi ndio mlikuwa hamlali."

Maji ya bomba yalikuwa yanatoka ardhini ambako barafu haijayeyuka bado, na vidole vya wote wawili vilianza kufa ganzi. Nyuma yao Kauko alisukuma kiti, akaja, akasimama karibu nao na mikono yake ile, asijue aiweke wapi. Hilkka akahama kidogo pembeni ili apate nafasi.